Ubavu wa Ukutani

Siku alipokwenda kuomba kazi ya kufuta vumbi kwenye jumba la magari ya kale, mwanamke huyu hakuficha kitu. Alimwambia mkurugenzi kwamba hajawahi kushika usukani maishani mwake, na kwamba kwake yeye gari ni gari, ilimradi lifike linakokwenda.

Mkurugenzi, mwanamume mrefu asiyependa makelele, alicheka mpaka akavua miwani. "Basi wewe ndiye niliyekuwa nakutafuta, mama. Waliokutangulia wote walikuwa wapenda magari. Wa mwisho tulimkuta amejipakia kwenye gari la mashindano lenye umri wa miaka sabini, ameshika usukani kwa mikono miwili, ananguruma kwa mdomo."

Akaajiriwa. Wiki haikuisha, jumba zima likawa linamwita Shangazi, kwa namna alivyowagombeza watu wanaoegemea vioo. Hata mkurugenzi mwenyewe aliwahi kuambiwa aondoe kiwiko, akaondoa.

Kabla ya hapo Shangazi alikuwa mkataji katika kiwanda cha sare za shule, miaka ishirini na miwili mbele ya meza ndefu na mkasi mzito kama nyundo. Kazi ya mkataji ni kiolezo: ile karatasi ngumu iliyokatwa kwa umbo la nusu ya shati, unayoilaza juu ya kitambaa, unaifuatisha kwa chaki, kisha unaigeuza kifudifudi upate nusu ya pili. Ukikosea nusu kidole upande mmoja, mtoto wa watu anakwenda shule bega moja juu, jingine chini. Shangazi hakuwa mtu wa kukosea. Vidole vyake vilijua mshono umepinda kabla macho hayajafika. Kiwanda kilipofungwa, wenzake walitawanyika kila mmoja na njia yake, naye akaangukia kwenye magari.

Mumewe alifurahi kuliko yeye. Alikuwa dereva wa basi aliyestaafu, mtu wa miaka thelathini barabarani, na aliamini hakuna chenye magurudumu kinachoweza kumshangaza. Jioni, Shangazi akianza kusimulia alichofuta siku hiyo, mzee alimsahihisha kuhusu magari ambayo hajapata kuyaona.

"Leo nimefuta moja jeupe, la watu wawili tu," alimwambia siku moja wakiwa mezani. "Boneti peke yake ni ndefu kuliko sebule yetu. Dereva anakaa huko nyuma kabisa, karibu akalie matairi."

"Hilo lina injini ya silinda nane."

"Kumi na mbili, baba watoto. Nimezihesabu. Kila moja ina waya wake."

"Nne za akiba," mzee akasema, akavuta sahani yake.

Majina ya magari hayakumkaa kichwani, basi akayapa ya kwake. Hilo jeupe akaliita Bibi Harusi, kwa ile boneti iliyotambaa mbele kama shela. Lenye milango inayofunguka kwenda juu likawa Kipepeo. Gari jekundu la mashindano, lenye pezi kubwa lililosimama nyuma ya kichwa cha dereva, akaliita Papa, na hilo alilipenda kwa sababu bodi yake ya alumini ilipigwa nyundo na mkono wa mtu. Ukipitisha kitambaa taratibu ulihisi kila pigo, vishimo vidogo vidogo ambavyo rangi ilivificha machoni tu.

Lakini kipenzi cha wageni kilikuwa gari la rangi ya fedha lililokaa mwisho wa ukumbi, na hilo Shangazi aliliita Mwongo.

Lilistahili. Lilikuwa gari la maonyesho, yale ambayo kampuni hutengeneza moja tu ili watu waone wachoraji wake wanaota nini. Lilikuwa refu, bapa, limechongoka mbele kama kabari, na paa lake halikufika kiunoni kwa mtu mzima. Injini halina. Milango ilikuwa mifereji myembamba iliyokatwa kwenye faibaglasi, haifunguki. Vioo vimepakwa rangi nyeusi usije ukajua kwamba ndani hakuna viti. Kwa miaka hamsini lilikuwa limesimama likionekana liko kwenye mwendo wa kutisha, na halijawahi kwenda hata hatua moja kwa nguvu zake.

Mwelekezi wa wageni alikuwa mwanamume mwenye tai ya rangi ya chungwa, na wafanyakazi wote walimwita Kasuku, yeye mwenyewe akiwemo. Maelezo yake juu ya gari la fedha hayakubadilika hata nukta.

"Tazameni mstari huu," alikuwa akisema, mkono ukipita hewani. "Umetoka puani hadi mkiani bila kuvunjika, umenyooka kama rula. Na upande wa pili ni vivyo hivyo. Kama sura kwenye kioo!"

Wageni walivuta pumzi. Hakuna aliyekwenda kuuona huo upande wa pili, kwa sababu gari lilikuwa limesukumwa kwenye kona. Mkia umeingia kwenye pembe, na kati ya ubavu wa kulia na ukuta palikuwa na nafasi ya kupita paka.

Paka na Shangazi. Wala Shangazi hakuwa mwembamba. Kila Alhamisi alijibana pale, tumbo kwenye gari, mgongo kwenye ukuta, akisogea nusu hatua kwa nusu hatua huku akijilaumu kwa alivyokula jana yake. Taa za ukumbi hazikufika kule, hivyo alifuta kwa kupapasa. Mwezi wa pili wa kazi, alisimama katikati ya safari, akarudi hatua tatu, akapitisha mkono tena. Ubavu wa kushoto kitambaa kiliteleza moja kwa moja. Huku kilishuka chini penye mlango, kikapanda polepole, kikazunguka juu ya gurudumu la nyuma kama kinachopanda bega la mtu.

"Lile gari lina mbavu mbili tofauti," alimwambia mumewe jioni hiyo.

"Limegongwa."

"Limegongwaje, na haliendi?"

Mzee akafikiri. "Limegongwa likiwa limeegeshwa. Hizo ndizo ajali mbaya zaidi."

Jumbani Shangazi hakulitaja. Hakuna aliyemuuliza, na mfuta vumbi akisema gari limekosewa ataambiwa afute vizuri. Miaka mitatu ikapita hivyo.

Ndipo akaja mtaalamu. Alikuwa mwanamume mnene, mpole, mwenye kizibao cha mifuko mingi, aliyekuwa akiandika kitabu kikubwa juu ya magari ya maonyesho na watu walioyachora. Alipomwona Mwongo alitokwa na machozi, kweli kabisa, akayafuta kwa kitambaa cha Shangazi bila kuuliza, akaondoka na vumbi la Kipepeo shavuni. Siku mbili nzima alikaa kwenye ubavu wa kushoto na kifaa cha kupimia cha miguu mitatu, akijaza namba kwenye daftari.

Shangazi alivumilia mpaka mchana wa siku ya pili.

"Samahani, mwanangu. Na ule ubavu wa ukutani huupimi?"

"Ule nitaupata kwa kuugeuza huu, mama. Gari ni hivyo. Unachora nusu, unageuza."

"Kama shati."

"Kama shati kabisa!"

"Na kama fundi hakugeuza?"

Mtaalamu akatabasamu kwa adabu, akarudi kwenye namba zake.

Baada ya wiki tatu mchoro ukaletwa. Lilikuwa bango la mita tatu, gari limeonyeshwa kwa mbele, kwa juu, kushoto na kulia, kila mstari mwembamba kama unywele. Mafundi wakalitundika ukumbini. Shangazi akasimama mbele yake na ndoo yake, akatazama ubavu wa kulia, akaukuta umenyooka kama rula.

"Uongo mtupu," alisema.

Alidhani yuko peke yake. Mkurugenzi alikuwa nyuma yake na kikombe cha chai. "Nini ni uongo?"

Maneno yalikuwa yameshatoka, akaona heri ayamalize. "Huo mstari. Upande wa kulia hauko hivyo. Unashuka mlangoni, halafu unapanda huku nyuma. Hivi." Akauchora hewani, ndoo ikamwagikia viatu vyake.

"Mama, kule ni giza. Macho hudanganya."

"Sijasema macho. Kule sijawahi kuona kitu. Nasema mkono."

Mkurugenzi akatazama bango, akatazama kiganja cha Shangazi, akatazama tena bango kwa huzuni ya mtu aliyekuwa ametoka kulipiga picha. "Jumatatu tunafunga," alisema mwishowe. "Nithibitishie Jumatatu. Mtaalamu nitamwita mimi."

Njia nzima ya kurudi nyumbani Shangazi alijutia ulimi wake. Itakuwaje kama ni rangi tu imekaa nene? Itakuwaje kama mzee wake amesema kweli, kuna mtu aliligonga kwa toroli ubavuni? Alipomweleza mumewe, mzee alisimama palepale akaenda kutafuta koti lake la kazi, lile la vifungo vya shaba.

"Kesho kutwa nakuja na wewe," alisema. "Lazima awepo mtu anayejua magari."

Jumatatu hiyo ukumbi ulikuwa kimya. Mkurugenzi alisimama huku, mtaalamu kule, na Kasuku, ambaye siku hiyo hakuwa na kazi, alikuja vilevile, kwa kuwa hakutaka kukosa. Shangazi alikunjua gombo la karatasi ya kaki, akambandikia Mwongo ubavu mzima wa kushoto kwa utepe mwororo ambao mtaalamu aliukagua mara tatu usije ukabandua rangi. Kisha akachukua kipande cha nta nyeusi cha mafundi viatu na kuanza kusugua juu ya karatasi, nta ikiwa imelazwa, mkono mwepesi. Ule mstari ukaanza kutokea wenyewe, mweusi, kama namba za sarafu zinavyotokea ukizisugua chini ya daftari. Ulitoka kwenye taa ya mbele ukaenda hadi mkiani bila kutikisika.

"Safi sana," mtaalamu alinong'ona. Alikuwa ameshasahau kwamba amekuja kubisha.

Shangazi akaibandua karatasi, akailaza sakafuni, akapiga magoti. Mkasi ule wa kiwandani ulikuwa haujakata kitu kwa miaka mitatu. Ulipouma karatasi ukatoa sauti ile ile ya zamani. Akakata kwa mkupuo mmoja, akainuka, akakigeuza kiolezo kifudifudi, akajibana kwenye kona. Mumewe alibaki mlangoni mwa ule upenyo na tochi, akimulika dari.

"Mulika gari, baba watoto."

"Namulika njia."

Shangazi akaweka ncha ya karatasi kwenye taa ya kulia. Ikakaa. Akaisukuma kwenye ubavu, ikafuata mstari vizuri, kidole kwa kidole, hata akaingiwa na hofu. Ilifuata mpaka mwanzo wa mlango. Kisha mstari wa gari ukaaga. Ukashuka zake chini, karatasi ikabaki juu peke yake. Penye gurudumu la nyuma mambo yakageuka, gari likawa juu na karatasi chini, na katikati akaingiza vidole vinne vilivyoshikana.

"Vidole vinne!" alipaza sauti kutoka kule ndani.

"Haiwezekani," mtaalamu akasema, akaingia kuona.

Aliingia kwa kishindo, akafika mlangoni mwa gari, akakwama. Mbele haendi, nyuma harudi. Mifuko yote ya kizibao ilikuwa imejaa penseli.

"Pumua nje, mwanangu," Shangazi alimwambia kutoka upande wa pili. "Toa hewa yote. Usivute mpaka nikwambie. Sasa lete bega la kushoto. Usinigusie gari na hizo penseli!"

Walipomtoa alikuwa mwekundu, ameona nusu tu, na hakutaka kusubiri tena. Ikaamuliwa gari litolewe kwenye kona. Wakaitwa mafundi, wakawa watu wanane, wa nane akiwa mume wa Shangazi, ambaye hakubeba kitu ila alitembea mbele kinyumenyume akipunga mikono. "Taratibu! Kata kushoto! Kata! Nyoosha!" Gari halikuwa na usukani, wala wabebaji hawakumsikiliza, lakini lilifika katikati ya ukumbi salama na mpaka leo anahesabu kwamba alilifikisha yeye.

Mwanga wa taa ukaangukia ubavu wa kulia kwa mara ya kwanza tangu liingie jumba lile.

Kushoto gari lilikuwa kisu. Kulia lilikuwa mnyama anayetaka kuruka. Ule mstari ulitoka kwenye taa ya mbele ukiwa mnyoofu kama mwenzake, ukainama chini ya mlango, ukajikusanya, kisha ukapanda juu ya gurudumu na kushukia mkiani kwa ulaini ambao uliwafanya wote wazunguke kwenda kuhakikisha kwamba upande wa pili bado ni ule wanaoujua. Walizunguka mara nyingi. Kasuku alizunguka akisema, "Kama sura kwenye... kama sura..." na sentensi ikamfia mdomoni.

Mtaalamu aliketi sakafuni. Akaanza kucheka peke yake, mabega yakitikisika.

"Walikuwa wachoraji wawili," alisema. "Kufinyanga gari zima kwa udongo kabla ya kulitoa kwa faibaglasi ni kazi ya miezi, na muda hawakuwa nao. Wakagawana umbo moja. Huyu ubavu wa kushoto, huyu wa kulia. Wakubwa wa kampuni wanapita huku, wanapita kule, wanachagua. Viwanda vingi vilikuwa vinafanya hivyo, na mimi nimeliandika jambo hilo kwenye sura ya pili ya kitabu changu, mimi mwenyewe, kwa mkono huu!"

"Na hapa walimchagua nani?" mkurugenzi aliuliza.

"Hapa mradi uliachwa kabla hawajachagua. Wa kushoto alipata umaarufu baadaye. Wa pili nilijua alikuwepo, kwenye kumbukumbu za mikutano zipo herufi mbili za jina lake, hakuna kingine. Nilidhani kazi yake iliishia kwenye karatasi. Miaka sita naitafuta."

"Mimi nimeifuta kila Alhamisi," Shangazi alisema. Hakusema kwa kujivuna. Alikuwa anatazama lile bega la nyuma, kwa macho sasa, na akashangaa kuona kwamba lilikuwa vile vile mkono wake ulivyomwambia.

Bango likateremshwa siku hiyohiyo. Mtaalamu alihamia jumbani kwa wiki mbili kupima upya, na kila alipomaliza namba kumi alikuja kumwonyesha Shangazi. Sura ya kitabu ikaandikwa upya. Gari likabaki katikati ya ukumbi, watu wazunguke watakavyo.

Na hapo ndipo balaa lilipoanza, kwa sababu wageni walianza kugombana. Wanandoa waliingia wameshikana mikono wakatoka kila mmoja na upande wake. Wazee wa gereji walirudi mara tatu kwa wiki kuwatetea wachoraji ambao hawakuwajua juzi. Nyumbani kwa Shangazi kwenyewe amani haikuwepo, maana mzee alishikilia ubavu wa kushoto kwa hoja kwamba huo ndio unaofanana na basi.

"Basi la wapi limefika kiunoni?" Shangazi alimuuliza.

"La mwendo kasi."

Mkurugenzi alipoona watu wanamwuliza Shangazi maswali kuliko wanavyomwuliza Kasuku, alimwita ofisini, akamwomba kila Jumamosi aweke kitambaa chini na kuzungumza na wageni yeye mwenyewe. Shangazi alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikubali, kwa sharti kwamba ile sare ya waelekezi aipeleke kwanza nyumbani, maana alikuwa ameshaiona jinsi kola zake zilivyokatwa na hakuweza kusimama mbele ya watu ndani ya aibu ile. Aliifumua yote. Ijumaa aliirudisha imemkaa sawasawa, na Kasuku akamwomba amtengenezee na ya kwake.

Jumamosi ya kwanza ikafika. Kundi lilikuwa kubwa, nusu yao wanafunzi wa uchoraji wenye madaftari. Alianza kwa sauti ndogo, akasahau mwaka wa gari, akasema "zamani za kutosha", watu wakacheka. Kicheko kikamfungua. Kwa kuwa ilikatazwa kugusa, alikuwa amekata violezo viwili vya karatasi ngumu, kushoto na kulia, akavipitisha kwa wageni wavipapase kingo zake kwa vidole, macho yamefumbwa, ndipo wafumbue na kutazama gari. Chumba kizima kikawa cha watu wazima waliofumba macho wakipapasa karatasi.

Walipotawanyika alibaki mwanamke mmoja mwenye mkongojo, aliyekuwa amelizunguka gari mara nne bila kusema neno. Alimkaribia Shangazi taratibu.

"Umetueleza wachoraji wote wawili walivyotaka," alisema. "Wewe je? Ungechagua upi?"

Shangazi aligeuka kulitazama gari. Katika maisha yake watu walimwuliza kama kazi imeisha, kama mkasi ni mkali, kama vumbi limetoka. Hili hakuna aliyewahi kumwuliza.

"Wa kulia," alisema. Kisha akainama kidogo, akafumba jicho moja kama alivyofanya mezani kiwandani. "Ila ningeupunguza. Hapa, juu ya gurudumu. Kidole kimoja tu."

Yule mwanamke naye akainama, akaegemea mkongojo wake, akatazama kwa muda. "Kweli kabisa," alisema. "Hapo pamejaa."

Wakabaki wameinama hivyo, wanawake wawili, wakilikagua gari la watu kama wanaoangalia vazi la mgeni harusini. Nyuma yao Kasuku alikuwa anajifanya kunyoosha kamba za kuzuia watu. Kundi la mchana lilipoingia, alilipeleka moja kwa moja kwenye ubavu wa kulia, akakaza tai yake, akaelekeza kidole juu ya gurudumu la nyuma, na kutangaza kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni kwamba wataalamu wengi wanaona hapo pangepunguzwa kidole kimoja.